Sheria ya Bahari ya Barafu

Haya nimeyapata kwa Fransiska wa Masakta, aliyekuwa akipika chai ofisini kwenye shamba la ngano la serikali. Alinisimulia mwaka themanini na nne, tukichambua maharage.

Mzee Bura alifika mlangoni saa nne asubuhi. Ng'ombe wake walikuwa na siku ya tatu bila maji, na njia yao ya kwenda ziwani shamba lilikuwa limeilima yote, ikawa ngano tupu.

Afisa Hermani hakumwamkia mzee. Alikuwa ametoka kusoma miezi sita kwa wazungu wa ngano, wafadhili wa shamba, huko kwao kwenye baridi, akarudi na koti ambalo halivui hata jua likiwaka.

"Hakuna kupita," alisema, huku akichukua ufunguo wa Landrova aende doria. "Huko nilikokuwa hata meli haipiti ovyo, sembuse ng'ombe wenye kupe."

"Meli ni kitu gani, bwana mkubwa?"

Hermani akacheka. Akaketi tena.

Akaeleza. Kuna bahari ya barafu. Mafuta yakimwagika kule hayaondoki, wanyama na watu wa pwani wanaumia. Basi wenye pwani wameweka sheria: meli iwe na bati nene, iwe na wa kuiongoza, isimwage uchafu. Na juzijuzi mataifa yamekaa yakaandika kwamba wana haki hiyo, mpaka maili mia mbili.

"Hiyo barafu inakaa juu ya maji, au chini?"

"Mjinga wewe. Juu!"

"Na meli ikikwama?"

Hermani akachora meli nyuma ya fomu ya mavuno. Fransiska akaleta chai ya pili, ya Hermani peke yake.

"Na meli ya jeshi, nayo inafuata?"

Afisa akakohoa. "Ya jeshi hapana. Ile haiguswi."

"Kumbe," alisema Bura. "Yenye bunduki inapita."

"Huwezi kuelewa. Nyie mnajua kunusa mavi ya ng'ombe tu."

Mzee akauliza unene wa bati. Akauliza kama barafu inaliwa na chumvi. Saa tisa Hermani akachoshwa na ujinga huo, akamfukuza, akasinzia palepale mezani, mdomo wazi.

Bura akatembea polepole mpaka kwake. Mkewe Zita alikuwa amekaa nje na mabinti zake, miguu imejaa tope la ziwani hadi magotini.

"Wote?" aliuliza Bura.

"Wote wamekunywa. Hata ndama."

Bura akajinyoosha kwenye ngozi yake, akalala.