Jiwe la Odile

Katika kiwanda kile cha uchapaji matangazo yalichorwa juu ya jiwe, na tangazo likishachapwa, jiwe lilisuguliwa kwa mchanga na maji mpaka likawa tupu, ili lichorwe juu yake tangazo jingine. Anselme, aliyechora humo miaka ishirini, alilijua hilo. Hata hivyo alisimama mbele ya jiwe la tangazo la sabuni kama mtu azuiaye mlango.

"Bwana Anselme, nipishe," akasema Berthe, msuguaji. "Tajiri wa biskuti anangoja jiwe lake."

"Huyu ni Odile, Berthe."

Berthe akaiweka chini ndoo ya mchanga. Odile, mke wa mchoraji, hakuwa ametimiza mwezi kaburini.

"Najua, kaka yangu. Lakini si yuko kila ukuta mjini, anacheka na povu lake? Nenda kambandue mmoja."

"Wale ni wa mwenye sabuni. Huyu nilimchora ameketi mbele yangu, ananilalamikia shingo inamuuma."

Berthe akajifuta mikono kwenye aproni. "Basi msugue mwenyewe. Mikono yangu mimi haijui polepole."

Anselme akakunja mikono ya shati. Akaanzia pembeni: yakaondoka maandishi, likaondoka povu, yakaondoka mabega. Alipofika kidevuni akatua. Akachota maji kwa kiganja, akamwosha mchanga usoni, taratibu, kama anayemwamsha mtu asimshtue.

Maji yakatulia juu ya jiwe. Chini yake Odile alikuwa bado anacheka, na kila pumzi ya Anselme ilipoyagusa maji, midomo ile ilitikisika.