Nukta ya Kijani ya Varvara

Saa tatu kamili, nukta iliyo mbele ya jina la Varvara kwenye skrini ilikuwa bado ya kijivu. Stergios, fundi wa kompyuta, akang'ata kucha. Mkurugenzi mpya wa ofisi yao ya bima hapo Kavala hakuangalia watu, aliangalia nukta: kijani yupo, kijivu hayupo. Na Varvara, mwenye mama mgonjwa asiyeweza kujilisha, alishaambiwa akichelewa tena afungashe virago.

Alimpigia simu. Iliita weee, haikupokelewa. Yuko njiani anaendesha, akajiambia.

Basi akafanya kama alivyozoea. Akiwa katika chumba chake cha kazi, chini kabisa ya jengo, akaiwasha kompyuta ya Varvara kupitia mtandao wa ofisi, akaingia kwa ile programu anayotengenezea mashine za watu bila kupanda ngazi, akasogeza kishale huku na huku. Nukta ikawa kijani. Hakutumwa na mtu. Alimpenda yule mwanamke, hajawahi kumwambia, na hakujua njia nyingine ya kumtunza.

Mara ujumbe ukaingia kwenye kompyuta hiyo ya Varvara. Ni Despina wa uhasibu: "We bibi, hongera ya siku ya jina lako! Harufu ya mdalasini mpaka ngazini. Nakuja kula sasa hivi, usinifiche!"

Stergios alikuwa amesahau kabisa: leo ni sikukuu ya Mtakatifu Varvara, na mwenye jina hilo hukaa mezani kwake akikirimu kila apitaye kwa vitamu vya mdalasini. Ofisi nzima ingepanda ikute kiti kitupu. Na harufu hiyo, akajiambia, ni ya mwokaji wa ng'ambo ya barabara, ndiye anayewatia watu uchu!

"Subiri, shoga," akaandika kwa jina la Varvara. "Niko kwenye simu na mteja, nimefunga mlango. Njooni saa sita, wote pamoja."

"Haya, mama mkubwa! Tukifa njaa utatuzika."

Kisha ukaja ujumbe wa mkurugenzi mwenyewe: "Nimegonga mlangoni kwako, kimya. Uko salama?"

"Niko salama, bwana. Naomba nisisumbuliwe kidogo tu."

"Sawa. Fanya kazi."

Stergios alicheka peke yake huku jasho likimtoka. Akapiga simu tena, ikaita bure. Saa sita ilipokaribia alikuwa akitunga uongo mwingine, lakini wenzake walishaanza kupanda ngazi wakiimba. Akatoka mbio kuwawahi. Akiwa ngazini, wimbo ukakatika.

Daktari alipofika alipiga magoti sakafuni, nyuma ya meza, kisha akainuka taratibu. Varvara alikuwa bado amevaa koti lake la baridi, na bakuli la vitamu vya mdalasini lilikuwa kando yake.

"Alianguka asubuhi, alipoingia tu," daktari alisema. "Angekutwa mapema angepona. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kumtazama?"

"Tungejuaje, daktari?" Despina alilia. "Asubuhi nzima alikuwa anatujibu."