Kamba ya Kokushubila

Huku kwetu ziwani nyumba zinaelea, na sheria inaruhusu kufungwa pamoja zile tu zinazogawana umeme wa jua. Kokushubila aliweka paneli mpya na betri kubwa. Friji ilipoanza kunguruma, jirani yake Bugingo akaja kufungua kamba iliyounganisha nyumba zao.

"Ngoja basi unywe maji ya baridi, shemeji," Kokushubila alimwambia.

"Siku nyingine. Sasa unajitosheleza."

"Nilitaka tu samaki wetu wasioze. Wako na wangu."

"Najua, shemeji," alisema Bugingo, akamkabidhi ncha ya kamba.

Jioni nyumba ya Kokushubila ilikuwa imeshasogea mbali, taa zote zinawaka. Kule wenzake walikuwa wamekusanyika kwenye taa moja, wanacheka. Akazima friji, asikie wanacheka nini.