Mwanga wa Jiwe Linalogeuka

"Saa tatu na dakika ishirini," Constantine alisema dirishani.

"Imefifia," Ng'washi alijibu kutoka uani. "Sawa na nyota ya tatu."

Constantine akaandika tatu. Yeye alikaa ndani na koroboi na saa ya mezani. Mkewe alikaa nje na darubini waliyoachiwa na padri, maana mwanga wa koroboi ungemharibia macho. Miwani ya Constantine ilivunjika Septemba, siku mgambo walipowapakia kwenye lori kuwaleta kijiji hiki kipya cha Meatu. Tangu hapo macho ya kazi yalikuwa ya Ng'washi.

Walipima mwanga wa Eros, asteroidi iliyokuwa ikipita karibu na Dunia Januari hiyo ya 1975, wakiulinganisha na nyota za jirani walizozipa namba, ya kwanza ikiwa angavu kuliko zote. Ni jiwe refu kama kiazi, Constantine alimweleza usiku wa tano. Likigeuza ubavu linang'aa, likigeuza ncha linafifia. Ubavu mara mbili, ncha mara mbili, limemaliza mzunguko, kwa muda wa saa tano na robo hivi.

Mhadhiri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amemwandikia: vipimo vya usiku kumi vikiwa safi, kuna kazi ya msaidizi. Kijijini mvua ilikuwa imegoma. Tangu Oktoba walikula muhogo mkavu tu, bila mboga wala maziwa, na Ng'washi alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Saa tatu na nusu."

"Inaanza kupanda. Jiwe lako lina adabu, Baba Klementina. Lingekuwa mwanamume lingechelewa."

Constantine alicheka kidogo. Mimba ilikuwa imemfanya mkewe mzito. Kila magharibi jirani yao Milembe alimshika mkono kumpeleka uani, na jana jioni Ng'washi alijikwaa kwenye kinu chake mwenyewe, akachubuka ugoko.

Constantine alifungua kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Usiku wa kwanza hadi wa tano namba zilipinda hapa na pale, na kufifia kwa pili hakukushuka chini kama kwa kwanza. Tangu wa sita zilinyooka. Kufifia kote kulilingana, dakika kwa dakika, kama yeye alivyokuwa amemweleza mkewe usiku ule wa tano.

Hakutaka kuhukumu haraka. Labda amezoea kazi. Akahesabu tena, mstari kwa mstari, huku akiendelea kutaja saa na kuandika majibu.

"Saa nne na dakika arobaini," alisema hatimaye. "Pima taratibu, mama. Usiharakishe."

Akatoka pekupeku, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mkewe. Vioo vya darubini vilikaribia kugusa shati lake, kifua chake kikaziba anga lote.

"Inang'aa," Ng'washi alipaza sauti kuelekea dirishani. "Sawa na nyota ya kwanza. Andika, tukalale. Umebaki usiku mmoja tu, tutaumaliza kesho."