Mchicha wa Pangoni

Mwaka ule nzige walipomaliza kila jani la nje, Panya Buku mwenye majivuno alipanda mbegu zake za mwisho pangoni, ndani ya vifuu vya nazi. Mwanga uliingia kwa tundu moja tu juu. Siku ya tisa, mchicha wa kwenye kona ya giza ulikuwa umeupita kwa urefu ule wa chini ya tundu. Buku akaita majirani waje waone maajabu.

Fuko, jirani yake asiyeona, aliupapasa ule mrefu. "Jirani, huu haujakua. Umenyoosha shingo kuutafuta mwanga."

"Leo kipofu ananifundisha mwanga!" Buku akacheka mpaka masharubu yakamcheza.

"Mwanga siuoni. Shina dhaifu nalijua."

Kesho yake mchicha wa konani ulilala chini kama mlevi. Buku alijikuna, akaenda kupiga hodi kwa Fuko.

"Ufukie mashina mpaka shingoni," Fuko alimwambia bila kumsimanga. "Kuta zipake majivu meupe, zirudishe mwanga mpaka konani. Na vifuu uvihamishe kila asubuhi, kila kimoja kipate zamu chini ya tundu."

Mwezi haujaisha, mchicha ulisimama pango zima, mfupi, mnene, kijani kibichi. Majirani wakamsifu Buku kwa macho yake makali.

Buku akachuma jani la kwanza, akaliweka kiganjani mwa Fuko.

"Msinisifu mimi," akasema. "Aliyeona ni huyu."