Naam ya Bi Mwanaasha

Mwanakheri alimkuta marehemu mama yake ukurasa wa thelathini na nne.

Alikuwa yeye hasa, si wa kufananisha. Kitanda kilikuwa kile kile cha dirishani, Kikwajuni, na maneno yote yalikuwa ya Kiingereza isipokuwa moja: Naam. Mwezi wake wa mwisho, Bi Mwanaasha alikuwa akiitika bila kuitwa. Anajitanda kanga yake vizuri, anageukia mlangoni, anasema "Naam," kwa adabu zote, kama aliyeitwa na mkubwa wake. Mlangoni hapana mtu.

Waliolijua hilo duniani walikuwa wawili, Mwanakheri na mdogo wake Nadra. Na sasa limo katika kitabu cha Lorna Pickett, mshairi wa Kimarekani, na kitabu chenyewe kimeshinda tuzo kubwa huko kwao.

Nadra ndiye aliyekileta. Alikuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Kiwengwa, na Lorna, aliyefikia hapo, alimpa nakala yenye saini. Alikisoma njiani akirudi mjini. Alipoingia ndani macho yalikuwa yameshamvimba.

"Da Mwanakheri, umemwambia habari za mama?"

"Wallahi sijamwambia. Hata siku moja."

"Basi kazijuaje?"

Mwanakheri alikifunga kitabu kwa hasira. Miaka minane nyuma alikifasiri kitabu cha Lorna kilichotangulia, mashairi arubaini ya theluji, farasi na talaka. Hakuipenda sana kazi ile. Alitaka kuchapisha mashairi yake mwenyewe, lakini Bwana Ghanim, mchapishaji, alimrudishia mara mbili. "Nani atasoma mashairi ya mwalimu wa skuli wa mitaa ya Ng'ambo?" alimwambia. "Niletee mtu mwenye jina." Akamletea Lorna. Mama akafariki kazi haijafika nusu. Kitabu kilitoka nakala mia tatu, nyingi zikaishia kuliwa na mchwa stoo. Nadra mwenyewe hakupata kuifungua ile aliyopewa. Theluji inamhusu nini?

Tangu hapo Mwanakheri na Lorna wakawa wanaandikiana. Lorna akilalamika kwamba hawezi tena kuandika, kwamba mistari haiji, kwamba wahariri wameacha kumpigia simu. Mwanakheri akimliwaza, akimwambia avute subira. Miaka yote hiyo unamliwaza mtu, kumbe mwenzako anakuchukulia mama yako! Ilimuuma mpaka kifuani.

"Kamwambie mbele ya watu," alisema Nadra. "Mama si wake yule."

"N'takwenda. Na wewe uje unisikie."

Usomaji ulikuwa baada ya alasiri, katika ukumbi wa juu wa jumba moja la Shangani. Mfasiri alitengewa kiti jukwaani. Lorna, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, alimkumbatia kwa nguvu.

"Mfasiri wangu," alisema kwa Kiswahili safi. "Nimefurahi sana kukuona."

Mwanakheri alishtuka. Barua zao zote zilikuwa za Kiingereza.

"Umejifunza lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Nilitaka nijisome."

Mwanakheri akatupa jicho mlangoni. Pengine angeghairi. Lakini Nadra alikuwa amekaa safu ya mbele, kitabu mapajani, anamkazia macho. Na Lorna aliposhika kipaza sauti, alianza na ukurasa wa thelathini na nne. Alipolifikia lile neno alilitamka polepole, vizuri mno, na bibi mmoja wa safu ya nyuma akajifuta machozi kwa ncha ya buibui.

Mama yake analiliwa na watu wasiomjua hata jina. Mwanakheri akasimama.

"Shairi hilo si lako," alisema. "Huyo ni mama yangu. Kafa Kikwajuni, mikononi mwangu, na wewe hukuwahi kumwona. Umeniibia."

Nadra alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka.

Lorna hakukasirika.

"Hata mimi nilishangaa," alisema. "Nililitafuta katika kitabu changu cha Kiingereza, cha zamani, sikuliona. Nikadhani nimezeeka, nimesahau mashairi yangu mwenyewe, nikaliandika tena kwa Kiingereza."

Alitoa mkobani kijitabu chenye jalada la buluu, kimechakaa kwa kusomwa. Akakifungua katikati, akashuka jukwaani, akampa Nadra.

"Tafadhali, nisomee kichwa cha shairi hilo. Halafu nisomee jalada."

"'Naam,'" Nadra alisoma. Akakifunga kijitabu, akakigeuza. "'Mashairi ya Lorna Pickett. Yamefasiriwa kutoka Kiingereza, bila kuongeza wala kupunguza, na...'"

Hapo akainua macho jukwaani.

"Malizia," alisema Lorna kwa upole.

"Na dada yangu," alisema Nadra.