Orodha ya Bi Naila

"Soma mwenyewe," Ilyas alisema, akaigeuza kompyuta juu ya kaunta mpaka kioo kikamwelekea mkewe.

Kauthar hakuinama. Alisimama upande wa wateja, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kununua chaja.

Ukurasa ule ulionyesha orodha za nyimbo zilizofutwa. Jina lilikuwa lilelile, likijirudia toka juu hadi chini: Nyimbo za Mama. Kila moja ilikuwa imefutwa siku ya Jumapili.

"Nimekupeleka kwenu Kituntu ukapumzishe akili," Ilyas alisema. "Jana umefuta tena, ukiwa hukohuko. Sema tu kwamba ni wewe, yaishe."

"Niseme nililofanya, au niseme unalotaka?"

Orodha ile ilikuwa ya mama yake Ilyas, Bi Naila, mwanamke wa Tanga aliyemfuata mwanawe Kayanga uzeeni. Miezi yake ya mwisho alikuwa amelala katika chumba cha nyuma ya duka, akichagua nyimbo moja moja. Wimbo aliosahau jina aliuimba kipande, na Ilyas akautafuta mpaka akaupata. Alizipanga mwenyewe: za kuamkia, za kupikia, za kulalia. Kila ilipofutwa, Ilyas aliingia kwenye akaunti yake akairejesha.

Lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa kufutwa. Kila orodha ya mama ilipotoweka, kwenye simu ya Ilyas ilikuja nyingine asiyoijua. Ilikuwa ya kwaya.

Na Kauthar, kabla ya kusilimu na kuolewa, alikuwa Deodatha, binti wa Kilutheri. Bi Naila hakumsahaulisha hilo. Mpaka siku alipofariki alimwita "yule wa migombani".

"Hizi za kwaya nazifuta mimi," Ilyas alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Sifichi. Wewe mbona unaficha?"

"Si zangu."

"Neno la siri tunalijua wawili, mimi na wewe. Au zimejipanga zenyewe?"

"Simu ngapi zinapita mikononi mwako kwa siku, Baba Anwar?"

"Neno langu la siri sijamtajia mteja hata mmoja. Usitafute pa kutokea. Ulimchukia mama tangu siku ya kwanza."

"Ningetaka kumchukia ningemchukia yu hai, wakati namgeuza kitandani."

"Ulimgeuza kwa sababu nilikuwepo naangalia."

Kauthar alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

Talaka mbili Ilyas alikwisha kumpa, miaka ikiwa imepishana, kwa ugomvi mwingine. Mara zote mbili wazee walikaa, akamrudia. Ilikuwa imebaki moja. Asubuhi hiyo mjomba wake, Mzee Abdulrahim, alimshika bega msikitini akamwambia: "Hiyo ya tatu haina mlango wa kurudia. Itunze mdomoni." Naye alikuwa ameitunza mpaka saa hiyo. Ingetosha mkewe akiri, aombe radhi, arudi nyumbani akapike.

"Kwa mara ya mwisho," alisema. "Kwaya ni zako?"

"Mimi nikitaka kwaya, njia ya kanisani naijua," Kauthar alijibu. "Nitapita mlangoni, watu wananiona. Sitajificha ndani ya simu yako."

Ilyas alibonyeza kitufe cha kurejesha. Orodha ya Bi Naila ikarudi chini kabisa ya nyingine zote. Akagusa wimbo wa kwanza, wa kuamkia, ukaanza kupiga kwenye spika ya mlangoni. Alitaka ausikie.

"Njia unaijua," alisema. "Basi ifuate, Deodatha."

Jina hilo hakuwahi kumwita tangu siku ya ndoa.

"Umeshaniita hivyo, malizia na lile lingine," mkewe alisema. "Tusichoshane."

"Nimekuacha. Na hii ni ya tatu."

Kauthar aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Akauweka sawa mkoba begani, akaelekea mlangoni. Pale akapishana na mzee aliyekuwa anaingia kwa kishindo, simu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu bila kumtazama. Alikuwa Mwalimu Yustus, mwalimu wa kwaya kutoka Bugene. "Kijana, simu uliyoniuzia ina mchawi ndani."

"Mwalimu, njoo kesho."

"Kesho siji. Nimekuja leo nikiwa na hasira zangu, nataka nizimalizie hapahapa. Napanga nyimbo zangu za kwaya, siku mbili tatu nikitazama, hazipo. Mtu anazifuta. Jana mazoezini nimesimama mbele ya watu, nabonyeza, anaimba mwanamke wa taarabu. Waimbaji wamenicheka mpaka wamekaa chini."

"Mwalimu, nimesema kesho."

"Huyo." Mzee alinyoosha kidole kwenye spika. "Huyo anayeimba hapo ndiye. Kila Jumapili namfuta na wenzake wote, kila wiki wanarudi. Na wewe ndiye uliyeniwekea. Nilikwambia sina imeli, ukasema tutumie yako, hakuna neno, ukaandika mwenyewe pamoja na neno la siri."

Ilyas hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Mlangoni, Kauthar alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye fremu.

"Mhudumie mteja, Ilyas," alisema, akatoka.